Mvua ya Leo ni ya Jana

Shangazi yangu huvaa saa mbili, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba saa nayo ni mfanyakazi, inaweza kuamka na uvivu, kwa hiyo lazima awepo mwenzake wa kuisimamia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpima hali ya hewa katika ofisi ndogo iliyo kati ya soko na mto, na kila siku, ikitimia saa tatu kamili asubuhi, alifungua geti la waya la uwanja wa vipimo, akaingia na daftari kwapani. Wenye maduka ya mkabala walimtumia kurekebisha saa zao. Ndipo wakamwita Bi Saa Tatu, na jina likamganda.

Uwanja wenyewe haukuzidi ukubwa wa vyumba viwili vya darasa. Katikati kilisimama kibanda cheupe cha mbao chenye miguu minne. Kuta zake zilikuwa za vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisipite, na ndani mlikuwa na vipimajoto. Karibu na uzio kulikuwa na kipimamvua, yaani silinda ya bati yenye mdomo wazi na chupa ndani yake, iliyofungwa kwa nati nne kwenye kitako cha zege. Shangazi alitoa chupa, akamimina maji katika bilauri nyembamba ya kioo yenye mistari, akainama mpaka jicho lake lilingane na maji, kisha akaandika. Kama hapakuwa na tone, aliandika sifuri.

"Sifuri nayo ni kipimo," alikuwa akituambia sisi watoto wa kaka yake. "Ukiacha nafasi tupu, nani atajua kama mvua haikunyesha au wewe ndiye uliyelala?"

Mumewe ni fundi cherehani, na kibaraza chake kinatazamana na geti lile. Huyo alikuwa na wimbo wake wa kila siku kwa wateja. "Mimi hapa ni mume mdogo," aliwaambia, pini zikiwa mdomoni. "Mume mkubwa ni kile kibanda cheupe. Hata siku ya harusi yetu bibi harusi alikwenda kumjulia hali yeye kwanza, saa tatu kamili, mimi nikangoja."

"Na ulingoja vizuri," shangazi alimjibu kutoka ng'ambo ya barabara. "Mbona sasa unalalamika?"

Ofisi haikuwa na fahari yoyote. Walikuwamo wafanyakazi watatu, simu ya mezani na feni isiyozunguka. Faida yake kubwa ilitokana na mto. Mto wetu ni wa hila. Kwetu mbingu inaweza kuwa buluu, tena bila wingu, na mto ukaja umefura kwa mvua iliyonyesha alfajiri huko mlimani, kilomita kumi na nane juu. Kwa hiyo mlimani aliwekwa msomaji aliyelipwa posho kusoma kipimamvua kingine na kupiga simu kila asubuhi. Shangazi na wenzake walikuwa na kanuni waliyoipata kwa miaka mingi ya kuandika: mlimani pakipimwa zaidi ya milimita arobaini, baada ya saa nne hivi maji yatapita juu ya daraja la chini, lile la zege lisilo na kingo linalounganisha mtaa wetu na shule. Siku kama hizo alipiga simu mbili. Moja ilikwenda kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwenyekiti wa wafyatua matofali wa kando ya mto. Hakuna aliyekuwa akimshukuru. Simu ile ilikuwa kama taa ya barabarani, ambayo huiwazi mpaka izimike.

Barua ya kufunga ofisi ilikuja wakati wa kiangazi. Ilisema kwamba vipimo vitachukuliwa na mashine ya kisasa iliyofungwa katika mji mkubwa ulio upande wa pili wa mlima. Vijana wawili wa ofisi wangehamishwa, shangazi angestaafu mapema, na vifaa vya uwanjani vingekuja kuchukuliwa baadaye. Msomaji wa mlimani aliachishwa siku hiyohiyo, akaenda kuishi kwa mwanawe mbali. Mlango wa ofisi na geti la uwanja vikapigwa kufuli.

Asubuhi iliyofuata shangazi aliamka, akavaa saa zake mbili, akavuka barabara. Mumewe alimwona amesimama nje ya geti, mikono nyuma, kama mzazi aliyefika shuleni siku ya likizo. Alikaa pale dakika tano, akarudi. Siku ya pili akaenda tena. Fundi cherehani, ambaye kwa kawaida hawezi kuona jambo bila kulifanyia mzaha, safari hii aliendelea kushona.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya tatu.

"Imenyesha kama milimita kumi na mbili," shangazi alimwambia mumewe aliporudi kutoka getini.

"Umejuaje?"

"Sijui. Ndilo linaloniuma. Zamani ningejua."

Mtaa mwanzoni haukuhisi lolote. Redio ilikuwepo, na simu za mkononi zilionyesha picha za jua na mawingu. Lakini picha zile zilikuwa za mji wa nyuma ya mlima, ambako mvua hainyeshi siku moja na kwetu. Nayo redio ilitangaza mvua katika "baadhi ya maeneo."

"Baadhi ya maeneo ndiyo wapi huko?" fundi cherehani aliuliza. "Nimeishi hapa miaka hamsini, sijawahi kuona basi linalokwenda Baadhi ya Maeneo."

Kisha hasara zikaanza kuonekana moja moja. Mwashi mmoja alimwaga zege la paa la duka asubuhi ya jua, na mchana mvua ikalichoma matundu kama chekeche. Kando ya mto mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwenyekiti wa wafyatua matofali, mwanamume mnene mwenye sauti ya spika ambaye kila mtu humwita Tanuri, alikuwa ameanika matofali mabichi elfu sita. Mto ulipanda mchana, ukayalamba yote. Alikuja kibarazani kwa fundi cherehani akiwa na tope mpaka magotini.

"Bi Saa Tatu yuko wapi?" aliuliza.

"Nipo. Pole sana, kaka."

"Pole ya nini, dada? Matofali elfu sita yamerudi kuwa udongo! Nimeyafyatua, nimeyapanga, nimeyabembeleza kama watoto, na sasa yamekwenda baharini kujenga nyumba za samaki. Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia nikwambie nini? Sina kipimo."

Tanuri akamtazama, halafu akalitazama lile geti lenye kufuli. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa kwamba simu alizokuwa akipigiwa hazikuwa zikitoka kichwani kwa shangazi. Zilitoka katika chupa ile iliyo ndani ya bati.

Jumatano ya wiki iliyofuata jua lilikuwa kali. Watoto walipokuwa wakitoka shule, maji yalipanda darajani bila kishindo. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ametangulia mbele ya wenzake, na miguu yake ilikuwa tayari majini mwalimu mkuu alipomdaka kwa mkanda wa mkoba. Alasiri nzima wazazi walisimama upande huu na watoto upande ule, wakipigiana kelele juu ya maji ya kahawia, hadi mto uliposhuka. Hakuna aliyepotea. Lakini kesho yake mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja kumwona shangazi, akaketi kwenye kiti cha wateja wa mumewe bila kukaribishwa.

"Dada," alisema, "jana mkono huu umemdaka mtoto majini. Wewe zamani ulikuwa unajuaje?"

"Sikuwa najua chochote, mwalimu. Nilikuwa nasoma tu."

"Basi rudi usome."

Shangazi aliandika barua makao makuu. Hakuomba mshahara wala hakuomba ofisi ifunguliwe. Aliomba vipimamvua viwili viachwe mahali vilipo, cha bondeni na cha mlimani, na watu waruhusiwe kuvisoma kwa kujitolea. Jibu lilichukua wiki nne, lakini lilikuwa jibu la kweli. Walimruhusu miezi mitatu ya majaribio. Mwishoni mkaguzi angekuja kulinganisha daftari la bondeni na la mlimani. Kama yangeoana na kuaminika, vifaa vingebaki na mahali pale pangeandikwa rasmi kuwa kituo cha kujitolea. Yasipooana, mkaguzi angeondoka na vifaa siku hiyohiyo.

Ufunguo wa geti ulikuja katika bahasha ileile. Shangazi aliushika kiganjani muda mrefu.

"Mume mkubwa amerudi," alisema fundi cherehani. "Haya, mimi nirudi kwenye foleni."

Kwa bahati, kipimamvua cha mlimani kilikuwa bado kimesimama nyuma ya duka la fundi redio, rafiki wa siku nyingi wa mume wa shangazi. Fundi redio ni mtu mkavu, mwembamba, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya wa risasi, na anaamini kwamba hakuna kifaa duniani kisichoweza kufunguliwa na kufungwa tena. Shangazi alipanda mlimani, akakaa siku mbili akimfundisha.

"Inama, shemeji. Usiisome bilauri ukiwa umesimama, utapata namba ya uongo."

"Nimeinama."

"Inama zaidi. Jicho lilingane na maji."

"Nikiinama zaidi nitakuwa nimelala, shemeji."

"Basi lala. Na ukipima katikati ya siku kwa sababu mvua ni kubwa, rudisha maji ndani ya chupa. Usimwage mpaka saa tatu ya asubuhi inayofuata. Na siku isiyo na mvua?"

"Sifuri. Umeniambia mara tisa. Hata mbuzi wangu wanajua."

Alimfundisha kufuta mdomo wa bati, kuzuia mbuzi wale wale, kuandika kwa wino, kutofuta kosa bali kulikata kwa mstari mmoja ili lisomeke. Alimfundisha kila kitu alichokumbuka kwamba ni cha kufundishwa. Akashuka mlima akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona usoni pake tangu ile barua ya kwanza.

Utaratibu ukaanza. Saa tatu kamili fundi redio alisoma mlimani, na shangazi akasoma bondeni. Dakika tano baadaye simu yake iliita, naye akaipokea akiwa bado uwanjani. Kisha alimpigia Tanuri kumpa namba ya mlimani, iwe kubwa au sifuri, na Tanuri akachukua kipande cha mkaa, akaiandika pamoja na siku na tarehe kwenye ukuta wa kibanda kilichoezekwa juu ya matanuri.

"Kwa nini usinunue daftari kama watu?" shangazi alimuuliza.

"Daftari linaloa, dada. Ukuta hauloi. Halafu vijana wangu wote wanauona, hakuna wa kuniambia hakusikia."

Vijana wa matofali walilizoea jambo hilo haraka. Ukutani pakiandikwa namba iliyopita arobaini, hakuna aliyengoja kuambiwa. Waliburuta maturubai, wakahamisha matofali mabichi hadi sehemu ya juu. Mwalimu mkuu naye, akipigiwa simu, alifunga kitambaa chekundu kwenye mti wa bendera, na wazazi walikiona kutoka upande huu.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu wa majaribio, simu iliita kabla shangazi hajamaliza kumimina maji yake.

"Shemeji, hamsini na nane!"

"Umeinama?"

"Nimelala chini kabisa! Hamsini na nane. Imepiga tangu alfajiri, hata mbuzi wameingia dukani."

Bondeni jua lilikuwa linawaka. Watoto walirudishwa nyumbani saa tano, wakivuka daraja kavu na kulalamika kwamba wamekosa michezo. Tanuri alihamisha matofali elfu nane. Saa saba na robo maji yalifika, yakapita juu ya daraja kwa kina cha goti, na upande huu wa mto watu walisimama wakiyatazama kama watu wanaotazama lori linalopita. Tanuri alinunua soda kreti nzima.

Mkaguzi alikuja wiki moja baadaye, asubuhi, kwa gari lenye sanduku nyuma, akiwa na dereva. Alikuwa kijana nadhifu, shati limechomekwa, daftari la mlimani mkononi kwa sababu alikuwa amepitia huko kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliketi kwenye benchi la fundi cherehani, akafungua madaftari mawili, moja kila paja. Mwanzoni alitabasamu, kwa sababu mwandiko wa shangazi ni wa kupendeza. Kisha kidole chake kilianza kwenda na kurudi kati ya kurasa. Tabasamu likaondoka. Mwalimu mkuu alikuwa amefika, na Tanuri pia, nami nilikuwa nimesimama kando yao.

"Mama," alisema mkaguzi, "mvua ya kwenu inatoka wapi?"

"Inatoka mlimani, inashuka bondeni. Siku zote."

"Ndivyo vitabu vya zamani vinavyosema. Sasa tazama hapa. Mvua kubwa kwako iko tarehe nane, mlimani iko tarehe tisa. Kwako kumi na tano, mlimani kumi na sita. Kila mvua, bila kukosa, inaanzia bondeni na kesho yake ndiyo inapanda mlima." Alifunga madaftari. "Mawingu hayapandi hivyo, mama. Naona mtu wa mlimani alikuwa akisikia habari za mvua yenu, halafu kesho yake anajaza namba yake. Hizi zimepikwa."

Shangazi alikuwa ameliona jambo hilo. Lilikuwa wazi kabisa mbele yake, na hakuelewa lilitoka wapi.

"Samahani sana," mkaguzi aliendelea, na niliona kwamba kweli alikuwa anasikitika. "Kwa daftari hili siwezi kuandika kwamba mnaaminika." Alimwashiria dereva, na dereva akaingia uwanjani na spana. Sauti ya nati ya kwanza ilitoka kama mlio wa ndege. Nati ya pili ikafuata.

"Mpigie," alisema fundi cherehani. Hakuwa na pini mdomoni. "Mke wangu, mpigie mwenyewe aseme."

Shangazi alipiga, akaweka simu juu ya cherehani ili wote wasikie.

"Shemeji," alisema, "zile namba uliandika lini?"

"Lini kivipi? Saa tatu na dakika mbili, kila siku."

"Na tarehe?"

"Tarehe ya siku hiyo! Nimesoma Jumanne, nimeandika Jumanne. Ulitaka niandike siku gani, siku ya kuzaliwa kwa mjomba wangu?"

Shangazi alifumba macho.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo watu wa kazi ile wanalijua na sisi wengine hatulijui. Maji yanayokutwa kwenye chupa saa tatu asubuhi ni mvua ya saa ishirini na nne zilizopita, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za jana. Kwa hiyo kipimo kinachosomwa leo huandikwa kwenye mstari wa jana. Mvua ya leo ni ya jana. Shangazi alikuwa ameandika hivyo kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Katika zile siku mbili za mlimani alifundisha hata habari za mbuzi, lakini hili hakulisema, kwa sababu hakukumbuka kwamba kuna mtu duniani asiyelijua.

Angeweza kumwachia shemeji yake lawama. Fundi redio alikuwa mbali, na mtu wa kujitolea akikosea hakuna anayeshangaa. Lakini yeye alikuwa Bi Saa Tatu, mwenye saa mbili, ambaye hakuwahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja wenye kosa. Alisimama, akanyoosha gauni lake.

"Mwanangu, kosa ni langu," alisema. "Namba ni za kweli, tarehe ndizo zimekosewa. Sikumwambia kwamba mvua ya leo huandikwa jana. Rudisha daftari lake nyuma siku moja, uone."

Mkaguzi alifungua tena madaftari, akahesabu mistari, midomo ikitembea. "Zinaoana," alisema polepole. Kisha akatikisa kichwa. "Mama, maelezo yako ni mazuri. Lakini hata aliyepika angeweza kuyatoa. Nitajuaje kwamba namba hizi zilikuwepo asubuhi ile, kabla ya mto kujaa?"

"Utajua kwa macho," alisema Tanuri kwa ile sauti yake ya spika. "Una viatu vya tope, kijana? Huna? Haidhuru, utanunua vingine. Twende."

Tulikwenda wote, hata dereva na spana yake. Ndani ya kibanda cha matanuri ukuta wote, kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa cha Tanuri, ulikuwa umejaa namba za mkaa. Zilikuwepo siku, tarehe na milimita, sifuri nyingi, na kila namba iliyopita arobaini imezungushiwa duara. Za mwezi wa kwanza zilikuwa zimefunikwa na moshi wa tanuri mbili zilizokwisha kuchomwa, zikasomeka kwa shida chini ya masizi. Hakuna mkono ambao ungeweza kuziandika jana.

Mkaguzi alimpa mwalimu mkuu koti la heshima alilokuwa amelikunja mkononi, akaanza juu kushoto. Alisoma ukuta, akasoma daftari la mlimani. Alisoma kwa muda mrefu, tena tarehe kwa tarehe, na vijana wa matofali waliacha kazi wakaja kusimama nyuma yake. Alipofika Jumanne ile, duara kubwa lenye hamsini na nane ndani yake, alisimama.

"Hii mliipata saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika saba," alijibu mmoja wa vijana. "Na saa sita matofali yote yalikuwa juu. Mto ukaja saa saba, ukatukuta tunakula."

Mkaguzi alicheka. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni kijana wa rika langu. Alimgeukia shangazi.

"Mama, chuoni kanuni ile ya tarehe tulifundishwa somo la kwanza kabisa."

"Na mimi pia," alisema shangazi. "Ndiyo maana nilisahau kwamba ilifundishwa."

Dereva aliambiwa akarudishe nati mbili. Shangazi alimfuata hadi uwanjani, akamsimamia mpaka alipokaza ya mwisho, akaweka pimamaji juu ya mdomo wa bati kuhakikisha haujainama. Mkaguzi aliandika karatasi ya kituo cha kujitolea juu ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya kitambaa. Aliomba jambo moja tu, kwamba tarehe za mlimani zirekebishwe kwa utaratibu: kila moja ikatwe kwa mstari mmoja, sahihi iwekwe pembeni, ya zamani ibaki inasomeka. Shangazi alisema hakujua utaratibu mwingine. Fundi redio alipoambiwa kwamba ana tarehe karibu tisini za kukata, aliuliza kama kuna redio anayoweza kutengeneza badala yake.

Mlango wa ofisi bado una kufuli, na feni imo ndani vilevile. Mashine ya nyuma ya mlima inaendelea na kazi yake, na sina ugomvi nayo. Inajua mengi kuhusu nyuma ya mlima. Ila kwenye jalada la daftari la mlimani sasa kuna maneno sita kwa mwandiko wa shangazi, yaliyopigiwa mstari mara mbili, na kwenye jalada la daftari lake mwenyewe ameyaandika vilevile.

Asubuhi baada ya mkaguzi kuondoka nilivuka barabara pamoja naye. Alitazama saa ya kulia, akatazama ya kushoto, akafungua geti. Chupa ilikuwa kavu. Simu ikaita.

"Shemeji, leo sifuri," alisema fundi redio. "Sasa nielekeze vizuri. Hii sifuri ni ya leo au ya jana?"

"Ya jana."

"Na ya leo?"

"Ya leo utaijua kesho saa tatu."

"Haya. Basi tuonane kesho," alisema fundi redio, na shangazi akainama kuandika.